Mkuki Chemchemini: Michoro ya Kifo cha Siegfried

Mtu mmoja ameinama kwenye chemchemi, na mwingine anamchoma mkuki kwa nyuma, kati ya mabega. Aliyeinama ni Siegfried, shujaa mkuu wa ngano za Kijerumani za zama za kati. Mwenye mkuki ni Hagen, mtu wa ukoo wa shemeji zake. Mchoro huo umo katika mswada uitwao Kodeksi ya Hundeshagen, uliotengenezwa eneo la Augsburg, kusini mwa Ujerumani, kati ya 1436 na 1442 hivi, na ambao sasa umehifadhiwa katika maktaba ya serikali mjini Berlin. Jina la mswada limetokana na Bernhard Hundeshagen, aliyeupata mwanzoni mwa karne ya 19. Ndani yake mna michoro 37 ya kalamu iliyotiwa rangi. Miswada na vipande vya miswada ya utenzi huu vilivyosalia ni zaidi ya 30, lakini ni huu peke yake unaosimulia kisa kizima kwa mfululizo wa picha.

Utenzi wenyewe unaitwa Nibelungenlied. Ulitungwa mnamo 1200, katika nchi iliyo kando ya mto Danube kati ya Passau na Vienna, na mtunzi hakuacha jina lake. Una sura 39, na beti zake hukaribia 2,400, zikipungua au kuongezeka kidogo kati ya mswada na mswada. Chini ya ngano ipo kumbukumbu ya tukio la kweli: ufalme wa Waburgundi uliokuwa kando ya mto Rhine ulivunjwa na askari wa Kihun mnamo 436. Kwa hiyo mchoraji wa Augsburg alishika kalamu miaka elfu moja hivi baada ya maafa yenyewe. Jambo hilo lilikwisha kugeuka hadithi ya mapenzi, wivu na dhahabu, na Attila, mfalme wa Wahun, alikwisha kuwa mzee mpole aitwaye Etzel.

Siegfried anafika mji wa Worms kumposa Kriemhild, dada wa Gunther, mfalme wa Waburgundi. Gunther naye anamtaka Brünhild, malkia wa Iceland, ambaye hakubali kuolewa ila na mwanamume atakayemshinda kwa nguvu. Gunther hana nguvu hizo. Siegfried anavaa joho linalomficha machoni pa watu, anasimama pembeni mwa mfalme, na kumshindia mashindano yote. Ndoa mbili zinafungwa juu ya uongo mmoja. Miaka inapita, kisha wake hao wawili wanagombana mbele ya mlango wa kanisa juu ya nani ana haki ya kutangulia kuingia. Katika ugomvi huo siri inafichuka hadharani. Heshima ya mfalme imevunjwa mbele ya watu, na Hagen anakata shauri kwamba Siegfried lazima afe.

Kumuua si kazi rahisi. Ujanani Siegfried aliua joka na kuoga damu yake, na ngozi yake ikawa ngumu kama pembe. Upanga haumwingii. Lakini alipokuwa akioga, jani la mti wa linden lilidondoka na kunata kati ya mabega yake, na pale damu haikufika. Kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: utenzi haumwonyeshi Siegfried akipigana na joka. Habari hiyo inaingia kwa maneno ya watu wengine tu, kwanza kwa Hagen anapomtambulisha mgeni, kisha kwa Kriemhild mwenyewe. Wachoraji wa baadaye walilipenda joka kuliko mtunzi alivyolipenda, kwa sababu joka hujaza karatasi vizuri.

Kriemhild ndiye anayetoa siri. Hagen anamjia akidai kwamba vita vinakuja na anataka kujua namna ya kumlinda mumewe. Mke anamwamini, kwa kuwa ni mtu wa nyumbani. Hamwambii tu mahali penyewe: anashona msalaba mdogo wa hariri kwenye nguo ya mumewe, juu ya sehemu ile ile, ili mlinzi asikosee. Kwa maneno mengine, kabla ya mchoraji yeyote kuigusa hadithi hii, ndani yake tayari mna mtu aliyechora. Alama ya Kriemhild imefanya kisichoonekana kionekane, na kuonekana huko ndiko kunakoua. Kila mchoro wa tukio hili, uwe mzuri au mbaya, hauna budi kuurudia msalaba ule. Atazamaye picha huwekwa nyuma ya mgongo wa Siegfried, mahali aliposimama Hagen, na huoneshwa kile ambacho alipaswa kukijua muuaji pekee. Msikilizaji wa utenzi anaweza kumhurumia Kriemhild, akamchukia Hagen, akamdharau Gunther, kwa zamu. Mtazamaji wa mchoro hana zamu hizo. Anaanza akiwa upande wa mkuki.

Mtunzi alipanga mauaji kwa uangalifu wa mwanasheria. Ni siku ya mawindo. Chakula kipo tele, divai haipo, na Hagen ndiye aliyehakikisha haipo. Anataja chemchemi iliyo karibu na kupendekeza mashindano ya mbio. Siegfried anakimbia na silaha zake zote na bado anafika wa kwanza, lakini hanywi. Anaweka silaha chini na kumngoja mfalme anywe kabla yake, kwa sababu ndiyo adabu. Mkulima akitaka kunywa maji mferejini huliweka jembe kando kabla ya kuinama. Hata kwa shujaa, kuinama kunataka mikono mitupu. Gunther anapokwisha kunywa ndipo Siegfried anapoinama, naye Hagen anauondoa upinde na upanga, kisha anaushika mkuki wa Siegfried mwenyewe. Siegfried anakufa kwa silaha yake, katika sehemu iliyowekwa alama na mkewe, kwa sababu ya kuwa na adabu.

Mchoro wa Augsburg unabana yote hayo katika mwendo mmoja wa mkono. Hauna nafasi ya kuonyesha mbio, wala divai iliyokosekana, wala upanga uliofichwa, na haujaribu. Mavazi yake si ya wakati wa Waburgundi wala ya wakati wa mtunzi. Wahusika wamevaa kama watu wenye uwezo walivyovaa siku za mchoraji. Hilo lisihesabiwe kuwa ujinga. Kitabu cha namna hiyo kilikuwa mali ya nyumba tajiri, na mwenye nyumba alitarajia kuwaona watu wa tabaka lake wakiwa na furaha na taabu zao. Rangi zimepakwa wazi, bila vivuli vizito, na mistari ya kalamu ndiyo inayobeba kazi. Ustadi wake si wa kiwango cha juu kabisa cha karne hiyo. Hata hivyo, wachoraji wengi waliofuata, walioijua misuli, mwanga na umbali kuliko yeye, hawakuweza kulieleza jambo lenyewe kwa ufupi kama huo.

Baada ya karne ya 16 utenzi ulisahauliwa. Mwaka 1755 tabibu Jacob Hermann Obereit aliukuta mswada wake katika jumba la Hohenems, katika Austria ya leo, na miaka miwili baadaye Johann Jakob Bodmer, mwalimu wa Zürich, akachapisha sehemu yake ya mwisho, ile ya kisasi cha Kriemhild. Bodmer alikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Johann Heinrich Füssli, ambaye alihamia London na kupata umaarufu kwa jina la Henry Fuseli. Huyu ndiye mchoraji wa kwanza wa zama mpya aliyeichukua ngano hii kwa dhati, na michoro yake ya mwanzo wa karne ya 19 ina ukaidi unaopendeza. Mchoro wake unaojulikana zaidi, wa 1807, ambao uko Nottingham nchini Uingereza, hauna vita wala joka. Unaonyesha usiku wa harusi ya Gunther: bwana harusi amefungwa mikono na miguu na kutundikwa, na Brünhild amejilaza kitandani akimtazama. Mtunzi aliisimulia sehemu hiyo kwa kicheko. Füssli hakukifuta kicheko, ila alimpa mwanamke utulivu wa kutisha, akamtundika mfalme kama nyama inayongoja kukaushwa. Anayejua mwisho wa kisa huona kwamba mauaji ya chemchemini yalianzia katika chumba hicho.

Füssli alichora pia tukio la mwisho kabisa. Kriemhild, aliyeolewa tena na Etzel ili apate nguvu ya kulipiza kisasi, amewavuta ndugu zake hadi nchi ya Wahun na kuwaangamiza pamoja na jeshi lao. Wamebaki Gunther na Hagen, wamefungwa, na Hagen anakataa kusema alikoizamisha hazina ya Siegfried katika mto Rhine maadamu mmoja wa mabwana zake yu hai. Kriemhild anaamuru Gunther, kaka yake, akatwe kichwa, kisha yeye mwenyewe anakishika kwa nywele na kukipeleka mbele ya Hagen kama ushahidi kwamba hakuna bwana aliyebaki. Ushahidi huo haumfai kitu. Hagen anafurahi kwamba sasa siri iko kwake peke yake.

Katika karne ya 19 utenzi ukageuzwa kuwa mali ya taifa, jambo lililoinufaisha siasa kuliko michoro. Peter Cornelius alichora mfululizo wake akiwa Roma. Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria alimpa Julius Schnorr von Carolsfeld kazi ya kupamba kumbi nzima za jumba lake la München kwa picha za ukutani. Kazi hiyo ilianza 1831 na kumalizika 1867. Schnorr pia alishiriki kuchora picha za toleo la 1843, zilizochongwa kwenye mbao na kuchapwa pamoja na maandishi, na hizo ndizo zilizoingia majumbani mwa watu wa kawaida. Siegfried wa picha hizi ni kijana mzuri, mwenye nywele za dhahabu na mwili usio na doa. Ukimtazama utadhani kosa lake pekee lilikuwa kuwaamini watu. Uongo aliosaidia kuujenga katika ndoa ya Gunther umewekwa kando.

Shujaa aliyesafishwa namna hiyo alikuwa tayari kwa matumizi mengine. Mwaka 1909 waziri mkuu Bernhard von Bülow alilieleza bunge la Ujerumani kwamba uaminifu wa nchi yake kwa Austria ni uaminifu wa Wanibelungen, akisahau kwamba uaminifu huo katika utenzi unawaua wote. Katika majira ya baridi ya 1916 na 1917 jeshi la Ujerumani lilijenga mstari mkubwa wa mahandaki kaskazini mwa Ufaransa na kuupa jina la Siegfried. Na baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Jemadari Paul von Hindenburg aliandika katika kumbukumbu zake za 1920 kwamba jeshi lilianguka kama Siegfried chini ya mkuki wa Hagen. Maana yake ilikuwa kwamba jeshi halikushindwa mbele ya adui bali lilichomwa mgongoni na watu wa nyumbani. Ulikuwa uongo, uliowalenga wanasiasa wa kiraia, wafanyakazi na Wayahudi, na sehemu ya nguvu yake ilitokana na picha ambayo kila Mjerumani aliyekwenda shule alikwisha kuiona. Huhitaji hoja ukiwa na mchoro unaofahamika.

Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika, iliyokuwa koloni la Ujerumani wakati huo, ziliguswa na hadithi hiyo kwa njia iliyo wazi. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jemadari Edward Northey yaliingia kutoka Nyasaland, yakapigana Malangali mwezi Julai na kuichukua Iringa mwishoni mwa Agosti. Miaka miwili baadaye Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika koloni hilo, alipita tena kusini mwa nchi, kupitia Ubena na Mbozi, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, na kuweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Mwezi Machi 1919 aliingia Berlin kwa shangwe kama jemadari asiyeshindwa. Wapagazi waliokufa njiani, ghala za nafaka zilizokombwa na homa kali ya mafua ya 1918 iliyofuata nyuma ya majeshi havikuwa na nafasi katika picha ile. Siegfried huchorwa bila wabeba mizigo.

Mkataba wa Versailles wa 1919, uliolaaniwa na hao hao waliosambaza hadithi ya mkuki wa mgongoni, una kifungu kinachoihusu Iringa moja kwa moja. Kifungu cha 246 kiliidai Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Mkwawa, mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe, aliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Wajerumani walirudi wakaiteka ngome ya Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894, wakiwa na msaada wa maadui wa zamani wa Wahehe, wakiwemo Wasangu wa Mtwa Merere, na kwa karibu miaka minne Mkwawa aliwindwa msituni bila kukamatwa. Tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa Mlambalasi, alijipiga risasi. Sajini Merkl aliyemfikia alikata kichwa na kukipeleka Iringa kwa Kapteni Tom von Prince, ili kuthibitisha kwamba mtu aliyetafutwa amekufa kweli.

Hapo ndipo tukio la mwisho la Nibelungenlied linapofanana na historia kuliko tukio la chemchemi. Kichwa kimebebwa kwenda kuoneshwa, kwa kuwa bila kichwa hakuna anayeamini. Na kama kwa Kriemhild, ushahidi haukumaliza jambo. Madai ya Versailles hayakutekelezwa. Mwaka 1953 Edward Twining, gavana wa Tanganyika, alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, lililokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, yakiwemo 84 yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, akachagua moja ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa za Mkwawa. Lilikabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, na limo katika makumbusho ya hapo hadi leo.

Wazo la mwili usiopenyeka nalo halikuwa geni katika nchi hizi. Katika vita vya Maji Maji, kuanzia 1905, dawa iliyotoka kwa Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe iliahidi kuzigeuza risasi kuwa maji. Wabena wa Mbeyela waliingia vitani na kukishambulia kituo cha wamisionari cha Yakobi mwezi Septemba mwaka huo. Wasangu na Wahehe kwa jumla walibaki upande wa serikali. Dawa ilikuwa na miiko yake, na watu walipokufa ilisemwa kwamba mwiko ulivunjwa. Katika ngano za kinga, jani la linden halikosekani kamwe: kinga isiyo na mlango haisimuliki.

Ndugu wa karibu zaidi wa Siegfried, hata hivyo, yuko pwani. Ni Fumo Liyongo, shujaa wa nchi ya Ozi na Shaka karibu na mlango wa mto Tana, mtunzi na mpiga upinde, ambaye wakati wake wanahistoria hawaafikiani juu yake kwa tofauti ya karne kadhaa. Edward Steere alichapisha kisa chake mwaka 1870, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka 1913. Mfalme wa Pate anamwogopa. Anapangiwa kuuawa akiwa juu ya mkoma, naye anayaangusha makoma kwa mishale bila kupanda. Anafungwa gerezani, naye anatoka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Mwishowe mfalme anamtumia mwana wa Liyongo mwenyewe, kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Mwana anamuuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumuua, na baba anajibu ingawa ameutambua mtego: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni.

Baba anachomwa akiwa usingizini, na mwana anakimbia asipate kile alichoahidiwa. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani na kupiga goti, mshale ukiwa tayari. Watu wa mji wanamwona kwa mbali na hawathubutu kwenda kuteka maji. Siku zinapita. Wanamwita mama yake aje kumbembeleza kwa maneno ya upole, naye hajibu. Anapoanguka ndipo wanasogea, na kugundua kwamba alikwisha kufa zamani.

Visa hivi viwili vinakutana kwenye maji, kwenye siri iliyotolewa ndani ya nyumba, na kwenye muuaji wa ukoo. Lakini kwa mchoraji vinakwenda njia tofauti kabisa. Siegfried akichomwa anaruka juu na mkuki umesimama mgongoni, anampiga Hagen kwa ngao hadi ngao inavunjika, kisha anaanguka kwenye maua. Kila hatua ina umbo lake na inachoreka. Jeraha la Liyongo ni tundu la sindano lililofichwa na nguo. Liyongo aliye hai akipiga goti na Liyongo aliyekufa akipiga goti ni mchoro ule ule, mstari kwa mstari. Watu wa mji walikuwa watazamaji wa picha wakaisoma vibaya kwa siku kadhaa, na mchoraji hana njia ya kumwonya mtazamaji wake asirudie kosa hilo, isipokuwa aandike maneno chini, au achore mtu wa pili anayesogea bila hofu.

Kijumwa mwenyewe alikuwa fundi wa mkono: mchonga milango, mwandishi wa hati nzuri na mtia nakshi kwenye kurasa. Wataalamu wa Kizungu waliokuja kujifunza Kiswahili, akiwemo Alice Werner wa London na Ernst Dammann wa Ujerumani, walimtegemea kwa nakala za tenzi, na nyingi kati ya kazi zake zimehifadhiwa katika maktaba za Uingereza na Ujerumani. Kwa Liyongo alitumia beti. Ubeti unaweza kumwacha msikilizaji adhani kwa muda kwamba mtu yu hai, kisha ukamwambia.